Shamba la Baba

Mwaka 1972, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti bado kibichi mkononi, nilipangiwa shule moja ya msingi wilayani Kibondo, nikakabidhiwa Kiingereza. Tangu 1967 Kiingereza kilikuwa kimebaki somo tu katika shule za msingi. Mengine yote yalifundishwa kwa Kiswahili. Nyumbani wanafunzi wale walisema Kiha.

Maneno ya kumiliki ndiyo yaliyotutoa jasho. Katika Kiswahili mali ndiyo inayotawala: kitabu chake, vitabu vyake, shamba lake. Kiha nacho ni hivyo hivyo. Mwenye mali awe mume au mke, neno halibadiliki. Mwingereza amegeuza mambo. Kitu kiwe kimoja au kumi hakimshughulishi, ila sharti ajue mwenyewe ni nani: mwanamume ni "his", mwanamke ni "her". Mvulana mmoja akaniandikia "Juma and her sister", nami nikamwekea alama ya kosa. Leo naona hakukosea ovyo. Dada ni mwanamke, na mtoto yule alilifanya neno lifuate kinachomilikiwa, kama alivyofundishwa na mama yake.

Kisha ikaja ritifaa. Wao waliijua katika ng'ombe, ambamo kazi yake ni sauti tu. Niliposema kwamba kwa Kiingereza huonyesha mwenye mali, mmoja aliuliza huyo ng'ombe ni wa nani, darasa likacheka, nami sikuwa na jibu. Baadaye sana nilisoma kwamba hata kwa Waingereza haikuanza kama alama ya mali. Zamani jina la mwenye kitu lilichukua kiishio "-es". Irabu ile ikafa midomoni mwa watu, na alama iliyoingia katika maandishi yao karne ya 16 kuonyesha herufi iliyoachwa ikaja kusimama pale. Ni kama kaburi la herufi.

Sentensi niliyoipenda ubaoni ilikuwa "This is my father's farm". Kisheria ilikuwa na walakini. Tangu sheria ya Waingereza ya 1923 ardhi ilihesabiwa kuwa ya umma, na mwananchi alikuwa na haki ya kuitumia tu. Mwalimu Nyerere naye alipinga ardhi kufanywa bidhaa katika kijitabu chake Mali ya Taifa cha 1958, na mwaka 1963 umilikaji wa moja kwa moja ukafutwa. Lakini nani kule Buha aliyasoma hayo? Shamba la baba lilikuwa migomba iliyozunguka nyumba, na kila mtu alijua mpaka wake.

Mwaka huohuo wa 1972 ilikuja Operesheni Kigoma. Watu waliokaa mbalimbali vilimani walihamishiwa katika vijiji vilivyopimwa kwa mistari. Mwaka uliofuata chama kiliamua kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani nchini wawe vijijini. Barua ya baba yangu kutoka Kasulu ilinieleza kwa mistari miwili kuwa nao wamehama, na kwamba migomba ilikuwa imebeba. Sikumwonyesha mtu barua ile. Nilikuwa mwalimu wa serikali, na mikutanoni nilisimama upande wa wanaohimiza.

Darasani kwangu walizidi kuingia watoto wa waliohamishwa. Niliwapa zoezi la kunakili ile sentensi na kubadilisha jina la mwenye shamba. Binti mmoja alinyoosha mkono: "Mwalimu, kama shamba tumeliacha?" Nikamwambia aandike kama ilivyo ubaoni.

Aliandika "This was my father's farm". Ritifaa ilikuwa mahali pake. Kwa kuwa nilikuwa nimeagiza wakati uliopo, nilimkata alama.