KAMPUNI HAIKUZEMBEA, LAKINI ILILIPA: Kesi ya Chanjo Iliyotikisa Marekani

Miaka ya 1950 San Francisco ilikuwa na wakili mmoja mwenye mbwembwe kuliko mastaa wa filamu. Akishinda kesi, anapandisha bendera ya maharamia juu ya ofisi yake na kufyatua mzinga kwenye paa, mtaa mzima ujue. Baadaye alikuja kumtetea jamaa aliyempiga risasi mtuhumiwa wa mauaji ya Rais Kennedy, na hata kuigiza kwenye Star Trek. Ila kesi yake iliyoacha alama haikuhusu mastaa. Ilihusu watoto wawili waliopooza baada ya kuchomwa sindano ya kuwakinga wasipooze.

Tarehe 12 Aprili 1955 ilitangazwa kwamba chanjo ya polio ni salama na inafanya kazi. Wazazi walilia kwa furaha, maana kila kiangazi ugonjwa huo ulikuwa unapita na watoto. Siku hiyohiyo serikali ikazipa leseni kampuni kadhaa kuitengeneza. Haraka hiyo ilikuja kuwatokea puani. Ndani ya wiki mbili watoto wakaanza kupooza, wengi mkono uleule uliochomwa sindano, na dozi zilitoka maabara moja ya California. Virusi vilitakiwa viuawe kwa formalini, lakini kwenye baadhi ya mafungu vilibaki hai. Watu kama 200 walipooza na 10 wakafa. Wengine wala hawakuchanjwa, waliambukizwa na watoto wa nyumbani kwao.

Kesi ilipofika mbele ya baraza la wazee wa mahakama, uamuzi wa Januari 1958 uliwaacha watu midomo wazi. Kampuni haikuzembea, walisema. Ilifuata masharti ya serikali, na masharti yenyewe ndiyo yaliyokuwa na mashimo: kampuni haikulazimika hata kuripoti mafungu yaliyofeli vipimo. Basi si waachiwe? Hapana. Jaji alikuwa amewaeleza kwamba anayeuza dawa, kama anayeuza chakula, anaahidi kuwa ni salama hata kama hajatamka. Ahadi ilivunjika, kwa hiyo walipe. Familia mbili zikapata dola 147,300. Kampuni ikakata rufaa, ikashindwa.

Hapo mlango ukafunguka, na kila aliyeumia akaupitia, na asiyeumizwa na chanjo pia. Mwaka 1982 kipindi kimoja cha televisheni kilidai kuwa chanjo ya kifaduro inaharibu ubongo wa watoto. Kesi zikamiminika, kampuni zikaanza kukimbia soko, na kuna kipindi mwaka 1984 ilibaki kampuni moja tu ya biashara ikiuza chanjo hiyo Marekani. Kumbe wengi wa watoto wale walikuwa na tatizo la kuzaliwa nalo. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walipima watoto 14 waliodhaniwa kuharibiwa ubongo na chanjo hiyo, na 11 wakakutwa na hitilafu ileile ya vinasaba. Kwa wazazi waliokuwa wamemlaumu daktari, na kujilaumu wenyewe, kwa miaka yote hiyo, si jibu jepesi kulipokea.

Mwaka 1986 Bunge la Marekani likaamua kuondoa ugomvi huo kwenye mahakama za kawaida. Kila dozi ikawekewa kodi, leo ni senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa, pesa zinaingia kwenye mfuko mmoja. Anayedai halazimiki kuonyesha nani alikosea. Akionyesha kuwa madhara yake yamo kwenye orodha na yalitokea ndani ya muda uliowekwa, analipwa. Mpaka sasa mfuko umetoa zaidi ya dola bilioni 5. Asiyeridhika bado anaruhusiwa kukataa mkwanja huo na kwenda kushtaki.

Mwaka 2021 mfuko wa aina hiyo ulifika hadi huku kwetu. Chanjo za Uviko zilizogawiwa na COVAX zilikuja na fidia kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mdai hahitaji wakili wala kumtafuta mkosaji. Ila hapa akishapokea malipo, haki ya kwenda mahakamani anaiacha.