Nyani wa Kenya, Vijogoo wa Chicago na Moyo wa Mama

Mwaka 2025 ilitimia miaka 65 tangu Louis Leakey aanzishe kituo cha utafiti wa nyani kule Tigoni, Limuru. Leo kituo hicho ni taasisi ya serikali katika msitu wa Oloolua, Karen. Kutoka Mashimoni, Kibera, ni safari fupi ya matatu. Lakini ukiuliza vibarazani, ni nadra kumpata anayejua mioyo ya binadamu ina deni gani kwa nyani wetu.

Mwaka kituo kilipoanzishwa, 1960, mtafiti Henry McGill na wenzake walichapisha ripoti kuhusu mishipa ya nyani wa Kenya. Wanyama hawa wa porini, wasiojua chipsi wala sigara, walikutwa na michirizi ya mafuta katika mshipa mkuu wa damu, kama ile inayoanza kwa binadamu. Haikupita muda, nyani wakawa wananaswa Darajani, kando ya reli ya Mombasa, na kupelekwa San Antonio, Texas, kwa utafiti.

Wataalamu walikuwa na swali moja: mbona mshtuko wa moyo huwapata wanaume mapema kuliko wanawake? Kabla ya hapo, Chicago, mwaka 1952, Ruth Pick, Jeremiah Stamler na wenzao waliwalisha vijogoo kolesteroli, kisha wakawapa estrojeni, homoni ya kike. Mishipa ya moyo ikasalimika.

Hapo ndipo kioja kilipoanza. Mwaka 1966 Marekani ilianza jaribio kubwa kwa watu 8,341 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo. Baadhi yao walipewa estrojeni iliyotokana na mkojo wa farasi wenye mimba. Wote 8,341 walikuwa wanaume! Homoni ya mama ikapimwa bila mama hata mmoja. Wanaume wakaota matiti, hamu ya ndoa ikapungua, na mioyo haikupona. Dozi kubwa ilisimamishwa mwaka 1970, ndogo mwaka 1973.

Nyani wakarudi jukwaani. Mwaka 1981 McGill na Peter Sheridan walionyesha kwamba seli za moyo na mishipa ya nyani hupokea homoni za jinsia. Kule North Carolina, Thomas Clarkson aligundua kwamba tumbili wa kike waliotolewa ovari mishipa yao iliziba haraka, na estrojeni ikiwahi huwakinga.

Ikiwahi: neno hilo lilisahaulika. Jaribio la homoni lililowahusu wanawake 16,608 lilisimamishwa mwaka 2002; wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na wengi wao hedhi ilishakoma zamani. Badala ya kinga, hatari ya moyo iliongezeka. Ili jinsia isipuuzwe tena, mwaka 2016 watafiti wanaofadhiliwa na taasisi za afya za serikali ya Marekani walianza kutakiwa kuzingatia jinsia ya wanyama wao.

Na sisi? Nyani walikuwa wetu, majibu yakabaki ng'ambo. Mama muuza mandazi wa Mashimoni akibanwa na kifua, akichoka bila sababu na kuhisi kichefuchefu, dalili zinazoweza kuwa za moyo, mara nyingi huambiwa ni vidonda vya tumbo, anunue dawa ya kutuliza asidi. Karen, kwenye kituo cha nyani, ni pale tu. Kama nyani alistahili kupimwa moyo, jirani yake anangoja nini?