Mbwa Mlinzi wa Mifugo: Kutoka Zizi la Kondoo la Abruzzo hadi Banda la Kuku la Australia

Mbwa mlinzi wa mifugo ni tofauti na mbwa mchungaji, ingawa mara nyingi wawili hao huchanganywa. Mbwa mchungaji huswaga kundi kwa amri ya bwana wake, ilhali mbwa mlinzi haswagi chochote wala hangoji amri, bali huishi ndani ya kundi usiku na mchana, hutembea linapotembea na hulala linapolala, na kazi yake ni kubweka na kujiweka kati ya mifugo na mnyama mbuai, yaani mnyama awindaye wengine. Historia yake imezoeleka kusimuliwa kama historia ya damu na mbari, lakini maandishi ya kale na ya karibuni yanaelekeza kwingine: kilichorithishwa kwa zaidi ya miaka 2,000 ni elimu ya malezi, ambayo wachungaji waliishika bila vitabu, na ambayo katika zama zetu imethibitika upya kwa kuku.

Ushahidi wa mapema ulio wazi sana unatoka Italia. Marcus Terentius Varro, aliyeandika kitabu chake cha kilimo na ufugaji mwaka 37 K.K. akiwa na umri wa miaka 80 hivi, alitenga sehemu nzima kwa ajili ya mbwa wa kondoo, na maelezo yake ni ya mtu aliyewafahamu kwa karibu. Alionya kwamba mbwa asinunuliwe kwa mwindaji wala kwa mchinjaji, kwa kuwa wa mchinjaji ni mvivu wa kufuata kundi, na wa mwindaji akimwona sungura au paa atawaacha kondoo amkimbilie huyo. Alitaka mbwa alishwe mkate wa shayiri uliolowekwa katika maziwa, na asiachwe kamwe kula nyama ya kondoo aliyekufa, asije akaizoea ladha yake akashindwa kujizuia. Inzi walipomsumbua, alipakwa masikioni na kati ya vidole lozi zilizopondwa na kuchanganywa na maji. Shingoni alivishwa ukosi wa ngozi nene uliopigiliwa misumari, na vichwa vya misumari hiyo vilifunikwa kwa ngozi laini ili chuma kisimchubue. Na Varro anaongeza kwamba mbwa mwitu akishajeruhiwa na ukosi mmoja, hata mbwa wasiouvaa husalimika. Anayetajwa hapa ni mbwa mwitu wa Ulaya, ambaye si yule mwenye mabaka wa mbuga za Afrika Mashariki.

Mwandishi huyo huyo anakumbusha kisa cha tajiri mmoja, Publius Aufidius Pontianus, aliyenunua makundi ya kondoo huko Umbria pamoja na mbwa wao, lakini bila wachungaji. Wachungaji waliyafikisha makundi hayo kusini ya mbali, kisha wakarudi kwao. Baada ya siku chache mbwa nao, kwa kuwatamani watu wao, waliondoka wenyewe, wakajitafutia chakula mashambani kwa safari ya siku nyingi, wakafika Umbria. Fedha ilikuwa imehamisha umiliki wa mbwa, na mazoea yao yakabaki palepale yalipojengwa. Karne moja baadaye Columella aliongeza jambo la rangi: mbwa wa kondoo awe mweupe ili katika mwanga hafifu wa alfajiri au wa magharibi mchungaji asimpige akidhani ni mbwa mwitu, na mbwa wa kulinda nyumba awe mweusi ili mwizi asimwone usiku.

Weupe huo umebaki hadi leo kwa mbwa wa Maremma na Abruzzo. Huko Abruzzo, milima ya katikati ya Italia, kondoo walishuka kila vuli kwenda tambarare za Puglia na kupanda tena majira ya kuchipua, wakifuata njia pana za nyasi ziitwazo tratturi. Mwaka 1447 mfalme Alfonso wa Aragon aliweka mamlaka maalumu ya kodi na malisho kwa ajili ya uhamaji huo, ambayo makao yake yalikuja kuwa Foggia, na ambayo ilidumu hadi mwaka 1806. Njia ya kutoka L'Aquila hadi Foggia ilikuwa na urefu wa kilomita 244 na upana wa mita 111. Katika safari ya namna hiyo mtoto wa mbwa alizaliwa miongoni mwa kondoo na kukua akinusa harufu yao, na mwalimu wake alikuwa mbwa mzee aliyeitangulia njia hiyo mara nyingi.

Jambo hilo Charles Darwin alilikuta upande mwingine wa dunia. Alipopita Uruguay mwaka 1833 alieleza jinsi wafugaji walivyomtenga mtoto wa mbwa na mama yake akiwa mchanga sana, wakamnyonyesha kwa kondoo jike mara tatu au nne kwa siku, wakamtandikia sufu ndani ya zizi, na kumzuia asicheze na mbwa wengine wala na watoto wa nyumbani. Mbwa aliyelelewa hivyo aliwahesabu kondoo kuwa ndio jamaa zake.

Elimu hiyo haikuenea kote. Huko Uingereza mbwa mwitu walikwisha kuangamizwa karne nyingi kabla, na waliobaki na kazi ni mbwa wachungaji tu. Walowezi waliotoka huko walipofika Marekani na Australia walikabiliana na wanyama wabuai kwa bunduki, mitego na sumu. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya sumu dhidi ya wanyama hao katika ardhi ya umma, na wafugaji wakalazimika kutafuta njia nyingine. Ray na Lorna Coppinger wa Hampshire College, jimboni Massachusetts, walianza katika miaka hiyo ya 1970 kuleta mbwa walinzi kutoka Italia, Uturuki na nchi za Balkani, na hitimisho lao liliafikiana na desturi za wachungaji: wiki 16 za kwanza za maisha ndizo zinazoamua mbwa atashikamana na nani.

Kuku walileta mtihani mpya. Kondoo humvumilia mtoto wa mbwa, na wakichoka humpiga kichwa akatulia, lakini kuku hukurupuka na kupiga mabawa, na mbwa mchanga huuona mkurupuko huo kuwa mwaliko wa mchezo ambao mwisho wake ni manyoya yaliyotapakaa. Kwa hiyo mfugaji mwangalifu humlaza kwanza kando ya banda, wakitenganishwa na waya, humtembeza kati ya kuku akiwa naye mwenyewe, na hamwachi peke yake nao hadi utoto umtoke, jambo linaloweza kuchukua hata miaka miwili. Humlisha mbali na kuku wasije wakagombea chakula, huokota mayai mapema, na huondoa upesi kuku aliyekufa, kwa sababu ile ile aliyoieleza Varro. Tena, kuku hawaendi pamoja kama kondoo, hivyo mbwa wao hulinda zaidi mahali kuliko kundi, na hubwekea hata mwewe anayepita juu.

Tabia hiyo ya kulinda mahali ndiyo iliyotumika Warrnambool, mji wa pwani katika jimbo la Victoria, Australia, ambako mbweha mwekundu aliletwa na walowezi wa karne ya 19 kwa ajili ya uwindaji wa burudani. Allan Marsh, mfugaji wa kuku wa kuachiwa nje, alikuwa akiwalinda kuku wake kwa mbwa wa Maremma. Karibu na hapo, katika Middle Island, kisiwa ambacho mbweha hukifikia maji yakipwa, pengwini wadogo walikuwa mamia mwishoni mwa miaka ya 1990, na kufikia mwaka 2005 walibaki chini ya 10. Dave Williams, mwanafunzi aliyefanya kazi shambani kwa Marsh, alipendekeza mbwa wa kuku wajaribiwe kwa pengwini, na mwaka 2006 wa kwanza alipelekwa. Pengwini waliongezeka tena hadi zaidi ya 100. Mwaka 2017 bahari ilichafuka, mbwa hawakuweza kupelekwa kisiwani, na mbweha wakavuka na kuua pengwini wengi.