Magurudumu Mawili katika Miji ya Jirani

Tangu Januari 2025, Serikali ya Rwanda haisajili tena pikipiki mpya ya abiria inayotumia petroli katika Jiji la Kigali. Anayetaka kuingia katika kazi hiyo hana budi aje na pikipiki ya umeme. Wenye pikipiki za zamani hawakunyang'anywa. Zitaendelea mpaka zichakae. Uamuzi huo umesifiwa kwa sababu ya hewa safi na bei ya mafuta, na sifa hizo ni za haki. Lakini askari anayesimama njia panda kuongoza magari ana swali lingine la kuuliza, nalo ni hili: je, chombo hiki kipya kitapunguza watu wanaovunjika miguu na vichwa, au kitabadilisha tu sauti ya ajali?

Ndugu msikilizaji, ili kulijibu swali hilo yafaa kurudi nyuma kidogo, kwa maana vyombo vya magurudumu mawili katika nchi zinazotuzunguka vina historia ndefu, na karibu kila mara vimeitangulia sheria.

Chukua mfano wa mji wa Goma, mashariki ya Kongo. Huko, tangu miaka ya 1970, wananchi wamekuwa wakichonga skuta za mbao ziitwazo chukudu. Ni ubao mrefu, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, na usukani wenye pembe mbili. Mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili, na wakati wa kuteremka milima huiachia iende yenyewe, ikiwa imebeba magunia ya viazi, makaa au kabichi yenye uzito wa mamia ya kilo. Breki yake ni kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Mwaka 2009 mji huo ulimjengea mwendesha chukudu sanamu kubwa kwenye mzunguko wa barabara. Ni heshima inayostahili, kwa kuwa chombo hicho kimewalisha watu katika vita na katika milipuko ya volkano. Hata hivyo, mpira ule wa breki haukuongezeka nguvu kwa kujengewa sanamu, na mzigo mzito unaoshuka mlima hausimami kwa sababu mtoto anavuka barabara.

Historia ya bodaboda inatoka mpakani. Kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda pale Busia kulikuwa na mwendo wa kama kilometa moja ambao abiria wa basi alilazimika kuutembea na mizigo yake. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliona nafasi hiyo. Wakaweka kiti kilichoshonewa godoro nyuma ya baiskeli, wakawa wanaita kwa sauti jina la mpaka kama walivyolisikia likitamkwa na makarani, na mwito huo ukageuka kuwa jina: boda, boda. Ilikuwa pia zama za magendo, hasa baada ya uchumi wa Uganda kuvurugika kufuatia amri ya Idi Amin ya mwaka 1972 ya kuwafukuza Waasia. Baiskeli isiyo na kelele wala taa ilikuwa rafiki mkubwa wa gunia la kahawa usiku. Basi tangu mwanzo kazi hii imekuwa na pande mbili ambazo vyombo vya ulinzi havina budi kuzitazama kwa pamoja: riziki halali ya mnyonge, na mwanya wa mwovu.

Kuanzia miaka ya 1990 baiskeli zikaanza kuwapisha pikipiki mjini Kampala. Nchini Kenya mlango ulifunguka wazi mwaka 2008, wakati Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo. Pikipiki kutoka India na China zikamiminika. Kijana ambaye jana alikuwa akichunga ng'ombe, kesho yake alikuwa amebeba abiria watatu na jogoo katika barabara kuu, bila leseni, bila kofia ngumu, na bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba gari linalokwenda kasi mara mbili huhitaji kama mara nne ya umbali wa kusimamia, baada ya breki kukanyagwa. Tusimlaumu peke yake. Chombo kiliruhusiwa kuingia bandarini kwa maelfu kabla ya mwalimu, mkaguzi na njia ya kupita kuandaliwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Hospitali kubwa za Kampala na Nairobi zikawa na wodi ambazo watu wamezoea kuziita kwa jina la bodaboda. Utafiti uliokusanya matokeo ya nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na hatari ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kinga ambayo askari yeyote aliyewahi kuvaa kofia ya chuma haihitaji kufafanuliwa. Lakini kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani ili ivaliwe trafiki anapoonekana haimkingi mtu.

Uganda imeonja pia upande ule wa pili, na jambo hili linawahusu makamanda na wapiganaji moja kwa moja. Tarehe 17 Machi 2017, Inspekta Jenerali Msaidizi wa Polisi Andrew Felix Kaweesi aliuawa karibu na nyumbani kwake na watu waliokuwa juu ya pikipiki, pamoja na mlinzi wake na dereva. Juni 2018 Mbunge Ibrahim Abiriga akauawa kwa namna hiyohiyo. Tarehe 1 Juni 2021 wauaji wa pikipiki walimshambulia Jenerali Katumba Wamala. Yeye alinusurika na majeraha, lakini binti yake na dereva walikufa. Novemba 16 mwaka huohuo, watu wawili waliojifanya waendesha bodaboda walijilipua karibu na Bunge.

Baada ya mauaji ya mwaka 2018, Rais Museveni alitangaza mbele ya Bunge hatua kadhaa: namba za kielektroniki kwa kila chombo, kofia zenye namba zinazosomeka kwa mbali, na marufuku ya kuvaa nguo za kufunika kichwa kwa waendesha pikipiki. Ilipofika Novemba 2023 ndipo namba za kwanza za kielektroniki zilipoanza kufungwa, tena kwa kuanzia na magari ya Serikali. Kati ya tamko na bamba la kwanza ilipita miaka mitano. Na wakati huo kulikuwa na donda jingine: kundi lililojiita Boda Boda 2010 lilikuwa limepata kiburi cha kuwapiga na kuwanyang'anya waendeshaji wenzao mjini Kampala kwa kujigamba kuwa lina wakubwa ndani ya polisi. Ni jeshi lililowakamata viongozi wake Januari 2018. Pale ambapo mwenye pikipiki anamwona askari kama mlezi wa genge, hata sheria nzuri ya kofia na leseni huonekana kuwa ni njia tu ya kumtoza.

Kenya nayo ilifika mahali pa fedheha mwezi Machi 2022, pale waendesha bodaboda walipomzingira na kumdhalilisha mwanamke mmoja aliyekuwa akiendesha gari lake katika Barabara ya Profesa Wangari Maathai, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako wa nchi nzima. Pikipiki zilikamatwa kwa wingi, vituo vya polisi vikajaa vyuma. Baada ya siku chache msako ulisimamishwa. Bujumbura ilichukua njia ya marufuku mwezi huohuo: kuanzia tarehe 21 Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji za abiria hazikuruhusiwa tena kuingia katikati ya mji. Kwa maoni yetu, msako wa wiki moja hufundisha jambo moja tu, kujificha kwa wiki moja. Na marufuku husukuma hatari pembeni ya mji, mahali ambapo taa ni chache na hospitali iko mbali.

Liko suala ambalo halipewi uzito unaostahili, nalo ni njia ya waenda kwa miguu. Mwaka 2020 shughuli kadhaa za Jiji la Nairobi zilikabidhiwa kwa idara maalumu iliyoongozwa na mwanajeshi, Meja Jenerali Mohammed Badi. Miongoni mwa kazi zilizoonekana haraka ni njia pana za waenda kwa miguu na baiskeli katikati ya jiji. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye mkongojo wakapata pa kupita. Lakini foleni ya magari ilipofunga barabara, bodaboda walipanda juu ya njia hizo, wakipiga honi ili wenye haki ya njia wawapishe! Vigingi vya saruji vilivyosimikwa kuwazuia vilisaidia pale tu vilipokaribiana vya kutosha, na bado lazima viti vya magurudumu vya walemavu vipite. Kampala ilipata tabu hiyohiyo katika njia ya Namirembe na Luwum iliyotengwa kwa ajili ya waenda kwa miguu.

Wala wasomaji wasidhani kwamba hiyo ni aibu ya Waafrika pekee. Mji wa Paris, wenye barabara pana na polisi wengi, ulijazwa skuta za umeme za kukodi kuanzia mwaka 2018. Zilitupwa njiani, zilipandishwa kwenye njia za miguu, ziliwaangusha wazee. Ufaransa ikaweka kikomo cha kilometa 25 kwa saa na kukataza kupita kwenye njia za miguu mwaka 2019. Paris ikapunguza kampuni zikabaki tatu zenye skuta 15,000. Hata hivyo tarehe 2 Aprili 2023 wakazi waliojitokeza kupiga kura, ambao hawakufika asilimia 8 ya wenye haki hiyo, walizikataa kwa karibu asilimia 90, na mwisho wa Agosti mwaka huo skuta za kukodi zikaondolewa. Zile za watu binafsi zimebaki.

Turudi Kigali. Rwanda ilijenga msingi mapema: kofia ngumu kwa dereva na kwa abiria, kizibao chenye namba, abiria mmoja tu, na vyama vya ushirika vinavyomjua kila mwanachama. Mambo hayo yasiwafanye watu wadhani kwamba kila kitu kilipokelewa kwa utulivu. Januari 2022 madereva wa Kigali waligoma wakipinga mita za nauli na makato mengi, na Serikali ikalazimika kulegeza. Lakini kofia hawakuigomea. Ilikuwa imekwisha kuwa desturi.

Juu ya msingi huo ndipo pikipiki za umeme zilipokuja mwaka 2019, kwa kampuni ya Ampersand na nyingine zilizofuata. Dereva hasubiri kuchaji. Hufika kituoni, hutoa betri iliyokwisha, huweka iliyojaa, huondoka. Kenya imefuata, na Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme mjini Mombasa.

Sasa tazama chombo chenyewe. Mota ya umeme hutoa nguvu yake papo hapo inapowashwa, kwa hiyo pikipiki huruka kutoka taa nyekundu kabla mvukaji hajamaliza hatua zake. Tena haina mngurumo. Mtu asiyeona, ambaye kwa miaka yote amekuwa akivuka kwa kutegemea masikio, hupoteza onyo pekee alilokuwa nalo. Umoja wa Ulaya umelitambua jambo hilo, na tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme huko hulazimika kutoa sauti linapokwenda polepole. Sheria hiyo haikugusa pikipiki. Kwa hiyo pikipiki ya umeme inapoondoka kituoni alfajiri ikiwa na betri mpya, taa yake ya mbele, ikiwa imewashwa, ndiyo inayotoa habari kwamba inakuja, na kwa asiyeona taa hiyo haisemi kitu.