Ayubu wa Subira, na Ayubu Aliyelalamika

Anayekifungua Kitabu cha Ayubu akitarajia kukuta subira tupu hushtuka akifika sura ya 3. Katika sura mbili za kwanza, tajiri huyu wa nchi ya Usi amepokonywa mifugo, watumishi, watoto kumi na hata afya. Amekaa majivuni akijikuna kwa kigae, wala hajatamka neno baya. Sura ya 3 anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa. Tangu hapo hadi sura ya 31, huku rafiki zake wakimkatiza, anadai Mungu mwenyewe aje asikilize kesi yake.

Walioshtuka kabla yetu ni wengi. Tafsiri ya Kigiriki iliyofanywa kabla ya Kristo ni fupi kuliko Kiebrania kwa takriban sehemu moja ya sita, na wataalamu hawajakubaliana ni kwa nini. Karne ya 3 Origen wa Aleksandria aliirudisha mistari iliyopungua, akaitia alama za nyota. Waraka wa Yakobo ulikwisha kuwaachia Wakristo neno moja juu ya mtu huyu: uvumilivu.

Papa Gregory Mkuu, aliyeugua tumbo sana, alianza kumfafanua Ayubu alipokuwa mjumbe wa Roma kule Constantinople, mwishoni mwa karne ya 6. Alijaza vitabu 35. Ile laana ya sura ya 3 alisema isichukuliwe kama ilivyo, akaipa maana ya fumbo. Kazi nzuri, ila Ayubu anatoka humo amepigwa pasi. Calvin, kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa, alikuwa mkweli zaidi. Katika mahubiri yake 159 mjini Geneva, mwaka 1554 na 1555, alikiri kwamba Ayubu alikuwa na kesi njema aliyoitetea vibaya, na rafiki zake walikuwa na kesi mbovu waliyoitetea vizuri.

Kwetu pwani alifika kama Nabii Ayubu, ambaye Kurani inamsifu kwa kusubiri. Waswahili wakamtungia Utenzi wa Ayubu, na mtaalamu wa Kiswahili Alice Werner akauchapisha miaka ya 1920. Kule Oman, katika milima iliyo juu ya Salalah, wenyeji huonyesha kaburi lake, na mahujaji hulizuru hadi leo.

Unyenyekevu wa Ayubu upo, lakini uko sura ya 42, baada ya kusema yote na Mungu kumjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli. Na papo hapo, mstari wa 7, hasira ya Mungu inawashukia rafiki zake, Elifazi na wenzake, waliokuwa wakimtetea Mungu muda wote. Mlalamikaji ndiye anayeambiwa amesema yaliyo sawa, na ndiye anayetakiwa kuwaombea. Basi mhubiri atakayesimama msibani na kitabu hiki mkononi, asiishie sura ya 2.