Nani Alishika Maiki ya Mvita?

Wasee wa Mombasa, kuna redio ya kwenu ambayo nahisi mngeipenda sana. Shida ni kwamba ilizimika kabla wazazi wa wengi wenu hawajazaliwa. Iliitwa Sauti ya Mvita, na Mvita, kama hukujua, ni jina la kale la Mombasa yenyewe. Kilikuwa kituo kidogo cha AM kilichokuwa hewani kuanzia 1947 hadi 1966. Miaka 19 tu, lakini cheki vile maiki ilihama mikono.

Kwa wale hawajawahi kugusa kitufe cha AM kwa gari: FM husafiri kama macho yanavyoona, ukienda nyuma ya mlima imeisha. AM inatambaa na ardhi, na usiku inagonga anga la juu na kurudi chini mbali kabisa. Sauti yake si safi, radi ikipiga nayo inakwaruza, lakini inafika. Ndiyo maana serikali za kitambo ziliipenda.

Sasa, redio Kenya ilianzia Nairobi, 1928, na ilikuwa ya masetla. Kiingereza tupu, habari za kwao na muziki wa kwao. Miaka mitatu baadaye biashara hiyo ikaingia mikononi mwa kampuni kubwa ya simu za kimataifa ya Uingereza, ile tuliyokuja kuijua kama Cable and Wireless. Mwafrika hakuwa kwa hesabu ya nani anasikiliza. Huduma rasmi ya matangazo kwa Waafrika ilikuja 1953, na usiniambie ni kwa roho safi. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, Mau Mau wako msituni, na mkoloni alitaka masikio ya watu haraka sana. Mwaka 1954 akaunda Kenya Broadcasting Service, yenye vituo vya mikoani: kimoja Nyeri, kimoja Kisumu, na cha Mombasa kikawa hii hii Sauti ya Mvita.

Hapo ndipo stori inakuwa tamu. Pwani haikuwa kama bara. Kwenye karatasi, ule ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza walikuwa wanausimamia tu kwa mkataba wa 1895. Bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa inapepea Mombasa. Watu walikuwa na Kiswahili chao, Uislamu wao, taarab yao, mashairi yao. Halafu 1954 Redio Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Misri ya Nasser, manze! Jioni mtu amekaa barazani na kahawa yake, anasikia Kiswahili fasaha kikimchambua Mwingereza bila aibu. Unafikiri angebadilisha stesheni ili asikilize hotuba ya DC?

Kwa hivyo serikali ilikuwa kwa kona. Njia pekee ya kushindana na Cairo ilikuwa kuwapa Wapwani kitu wanachokitaka: taarab, mambo ya dini, watangazaji wanaoongea kama mtaa. Pesa ni za mkoloni, mtambo ni wake, lakini ladha ikawa ya Mombasa. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu kali zaidi ya historia hii, na ndiyo inanifanya nisikubali wakiiita propaganda tu halafu wakafunga faili. Mwenye redio alikuwa na nia yake, sawa. Wasikilizaji nao walikuwa na yao, na walijua vizuri kwamba mkono wao uko kwenye kile kitufe.

Mimi hii page ninaiandikia kwa mtandao wa matajiri wa ng'ambo ambao hawajui hata Likoni iko wapi, kwa hivyo hiyo hesabu naielewa.

Mwaka 1961 redio zote zikawekwa chini ya shirika jipya, Kenya Broadcasting Corporation. Lakini pwani kulikuwa kumeshika moto wa aina nyingine. Kulikuwa na watu wa Mwambao, waliotaka ule ukanda ujitawale au ubaki upande wa Zanzibar, usimezwe na Kenya. Hapo sasa, redio yenye lafudhi ya pwani, inayoongea na Wapwani kuhusu upwani wao, haiwezi kuwa burudani tu. Kila neno lina siasa ndani. Oktoba 1963 Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, wakakubaliana, Sultani akaachia ukanda, na 12 Desemba ukaingia uhuru pamoja na Kenya nzima. Mwezi mmoja baadaye, mapinduzi yakamng'oa Sultani huyo Zanzibar kwenyewe.

Tarehe 1 Julai 1964, serikali ikalichukua shirika lote na kuliita Sauti ya Kenya, VOK, chini ya wizara ya habari ya Achieng Oneko. Na kufikia 1966 Sauti ya Mvita haikuwepo tena. Naelewa hoja yao: nchi changa, makabila mengi, wanataka sauti moja. Lakini bana, mkoloni aliivumilia redio ya Mombasa yenye jina la Mombasa, na serikali yetu wenyewe ikashindwa?

Halafu hiyo sauti moja ilikuwa na hatari yake. Alfajiri ya 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga waliotaka kumpindua Moi walijua pa kwenda. Walimtoa Leonard Mambo Mbotela kwake, wakampeleka studio ya VOK Nairobi atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Kwa masaa machache, mwenye kushika jengo hilo alikuwa ameshika masikio ya nchi. VOK ilirudishiwa jina la KBC 1989, na FM ya kwanza ya kibinafsi Nairobi, Capital, ikaja 1996.

Leo pwani ina stesheni za FM kibao. Mojawapo ni Pwani FM, inayopiga taarab na kuongea Kiswahili cha huko, na mwenyewe ni KBC, makao makuu Nairobi.

Kama una nyanya Majengo, Old Town au Kisauni aliyepita miaka 70, muulize kuhusu Sauti ya Mvita kabla ya mambo mengine. Muulize redio ilikuwa ya nani hapo nyumbani, walikuwa wanakaa wapi kusikiliza, na Cairo ikiingia, nani alikuwa anaamua iachwe au ibadilishwe. Mrekodi na simu yako.