Kutoka Michoro ya Kidatu hadi Programu za Kukodi

Kituo cha umeme cha Kidatu, jirani na Kidodi nchini Tanzania, kimechimbwa ndani ya mlima kwa kufuata michoro ya karatasi. Washauri wake walikuwa kampuni ya SWECO ya Uswidi. Enzi hizo bwawa, handaki na ukumbi wa mitambo vilichorwa kwa mkono, kila sehemu na karatasi yake, na kipimo kimoja kikibadilika ilibidi karatasi zote zinazohusika zirekebishwe. Mitambo miwili ya kwanza ilianza kazi 1975, mingine miwili 1980, na uwezo wa kituo ukafika megawati 204.

Mwaka huohuo wa 1975, Charles Eastman wa Marekani alichapisha makala akipendekeza kompyuta ihifadhi jengo lenyewe, si michoro yake: ukuta ujulikane kuwa ni ukuta, wenye unene, kimo na vifaa vyake, na michoro itolewe humo. Hapo ndipo ilipoanzia modeli ya taarifa za jengo, maarufu kama BIM.

Wafanyabiashara walichelewa kidogo. Mwaka 1982 Gábor Bojár alianzisha kampuni ya programu ya Graphisoft huko Budapest, na kazi zake za mwanzo zilikuwa modeli za mabomba ya kituo cha nyuklia cha Paks. Kumbe huko nako ni umeme uliofungua njia. Mwaka huo pia Autodesk ya Marekani ilitoa AutoCAD. Programu hiyo ilienea dunia nzima, lakini ilikuwa meza ya kuchorea iliyohamia kwenye kioo: mistari tu. Tena mhandisi aliyekwisha kuinunua aliweza kukaa nayo miaka mingi bila kurudi dukani.

Revit, programu ya BIM, ndiyo iliyobadilisha hesabu. Ilibuniwa na Leonid Raiz na Irwin Jungreis, ikaingia sokoni mwaka 2000 kwa kukodishwa, na miaka miwili baadaye Autodesk ikaichukua kwa dola milioni 133. Faida yake kwa muuzaji ilikuwa katika namna modeli inavyofanya kazi. Msanifu, mhandisi wa nguzo, fundi umeme na wa mabomba wanashughulikia jengo moja, hivyo ofisi moja ikinunua, washirika wake husukumwa kununua pia. Faili lililohifadhiwa katika toleo jipya la Revit halifunguki katika toleo la zamani. Asiyetaka kulipia toleo jipya anabaki nje ya mradi. Na jengo likiisha, taarifa zake bado zinahitajika kwa matengenezo, kwa hiyo mteja haondoki baada ya kukabidhiwa funguo.

Serikali nazo zikasaidia soko, pengine bila kukusudia. Uingereza ilitangaza 2011 kwamba miradi ya serikali kuu itatumia BIM ifikapo 2016. Mwaka huo wa 2016 Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu, ikabakiza za kulipia kwa kipindi. Malalamiko hayakukosekana: Julai 2020 ofisi kadhaa za wasanifu wa Uingereza ziliiandikia kampuni hiyo barua ya wazi kuhusu gharama za Revit na uchache wa maboresho.

Dawa ya kufungwa na muuzaji mmoja ilianza kutafutwa mapema, katikati ya miaka ya 1990, kwa kuunda muundo wa wazi wa faili uitwao IFC, ambao programu za kampuni mbalimbali zinaweza kuusoma. Mwaka 2013 ulithibitishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 16739.

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito. Mchoro wa karatasi unasomwa na yeyote mwenye macho na ujuzi, hata miaka hamsini baadaye. Modeli inahitaji programu ya kuifungua, na programu ina mwenyewe. Taasisi za umma zinazojenga mabwawa, barabara na reli ziandike ndani ya mikataba kwamba mkandarasi akabidhi modeli kwa IFC, pamoja na faili asilia.